Sauti ya Baba Mkubwa Lusangi

Ilikuwa mchana kweupe, mwanangu, pale Kasongo, ndani ya ukumbi wa chama cha historia, na sauti ya baba mkubwa wangu Lusangi ikatoka ndani ya sanduku. Mwenyewe alikuwa kijijini kwake Wamaza, anapalilia mihogo. Sauti ikasema, taratibu: "Babu ya Sultani wetu alikuja na kamba kwa shingo. Sisi tulimununua kwa soko ya Nyangwe, kwa chumvi." Na Sultani mwenyewe amekaa kiti cha mbele, na wake zake, na Wazungu! Hata leo nikikuandikia haya naisikia sauti ile.

Ngoja nirudi nyuma.

Wakati ule wa Wabelgiji, Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana Kitabu alikusanya habari za kale. Karani wake, Feruzi Kalonda, alizunguka vijijini na mashini ya kukamata sauti za wazee. Mimi, kijana wa darasa mbili tu, ndiye niliyembebea mashini. Nilitaka kaptula nyeupe kama yake. Haya, cheka.

Sasa ujue desturi yetu. Mtu aliyefika na kamba ya utumwa, akapewa mke na shamba, huyo ni mtoto wa nyumba. Asili yake haitajwi tena, hata kwenye ugomvi wa pombe. Anayeitaja anatoa mbuzi. Lakini lazima mmoja ajue, basi mkubwa wa ukoo anamwambia mrithi mmoja, mlango umefungwa. Baba mkubwa alikuwa amezika wana wake wote watatu, na mimi aliniona bado mwepesi. Aliogopa kufa na lile neno.

Nikamwambia, basi liweke ndani ya mashini, itanitunzia mpaka nikomae.

Akaizunguka ile mashini kama mtu anayenunua mbuzi. "Hii kitu iko na masikio," akasema. "Na kinywa, iko nayo?"

Feruzi akacheka. "Muzee, masikio tu. Bwana peke yake atasikia, aandike."

"Na wewe, mutoto ya mudogo wangu, unasema je?"

Mwanangu, mimi nilishaisikia mashini ile ikiimba nyimbo za harusi kule Kabambare. Nilijua iko na kinywa. Nikasema, "Ni kweli, baba mukubwa." Akafunga mlango, akasema yote.

Kumbe Feruzi alikuwa amemposa binti ya Sultani, akafukuzwa. Sauti za wazee alikuwa nazo tele, za uwindaji, za mitumbwi. Siku Sultani alipoalikwa kusikiliza, Feruzi akachagua ile ya baba mkubwa.

Sultani akasimama, akakusanya kanzu yake, akatoka. Bwana Kitabu, ambaye karani alikuwa amemweleza maana yote, akaendelea kuandika, "Vizuri, vizuri sana." Nje nikamkamata Feruzi shati. "Umefanya nini?"

"Mimi? Sauti yangu umeisikia mule? Ni muzee wako alisema."

Siku ya tatu polisi walifika Wamaza. Baba mkubwa alilazwa chini sokoni, mzee wa mvi nyeupe, akapigwa shikoti, ule mjeledi wa ngozi ya kiboko, kwa kumtukana Sultani. Nilikuwepo. Aliinua kichwa akaniangalia mara moja. Mpunga wa mwaka ule hakuula; tulimzika kabla. Mashamba tukanyang'anywa.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilimkwaza mtu ulimi wake kwa uongo wangu. Kwa hiyo sikia, mwanangu, wewe unayesomea historia: ukienda kwa wazee kuchukua habari, mwambie mzee bila uongo habari yake itaenda wapi, nani ataisikia, na nani ataumia. Akikataa, shukuru, urudi nyumbani. Neno la nyumba ya watu si mali ya aliyelibeba.

Mungu akupe ulimi mzito na moyo usiotamani sifa. Uzae, uzeeke kwako, wanao wakuzike wewe, si wewe uwazike wao.

Lakini Feruzi Kalonda bado yuko hai. Nasikia anaalikwa tena kufundisha historia, watoto wanampigia makofi. Siku akisimama mbele yenu, inua mkono umuulize: "Lusangi wa Wamaza ulimwambia nini juu ya ile mashini?" Usikae mpaka ajibu. Akisema kwamba hata mimi niliyebeba mashini nilidanganya, mwambie ni kweli, nitakuja kusimama pembeni yake. Ila ajibu yeye kwanza.