Shemeji kwenye Kiti cha Nyuma

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na sioni haya kulisema. Majirani zangu hapa Dallas, mtaa wa Embu ninakoishi, wanajua kwamba mbwa wangu hupanda gari kwa utaratibu kuliko wengi wa watoto ninaowafundisha. Hukaa kiti cha nyuma, amevaa mshipi wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa gari, dirisha limefunguliwa upana wa vidole vinne ili pua ipate hewa na kichwa kisitoke nje. Watu hucheka wakituona tukipita. Wacheke tu. Hawajui kwamba kila ninapobana ule mkanda ukalia, huwa ninamtukana mtu mmoja moyoni.

Mtu huyo ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mzee wa kanisa kule Kanyakine, ana shamba la ndizi na sauti nene, na sijawahi kumsikia akiomba mtu radhi.

Miaka minane iliyopita nilipata uhamisho kutoka Kanyakine kuja kufundisha Embu. Tulihamisha vyombo kwanza, mbwa wangu akabaki kwa shemeji hadi tupate nyumba yenye ua. Alikuwa jike wa kienyeji, rangi ya chai ya maziwa, mwenye sikio moja lililolala. Nilimlea tangu hajafungua macho. Nilipopoteza mimba ya pili, na kila mtu nyumbani akawa ananipitia mbali asijue la kusema, yeye ndiye aliyelala mlangoni pangu usiku na mchana. Basi shemeji aliposema anateremka Embu na gari lake la kubebea ndizi, nilimpigia simu nikamweleza kila kitu. Amweke kiti cha nyuma. Kamba ipite kifuani, isiwe ya shingo. Asimlishe asubuhi, afungue dirisha kidogo, asimame njiani ampe maji.

Akaangua kicheko. "Mwalimu, unataka nibebe mbwa kama bibi harusi?"

Kwetu Imenti, pande hizo za Kanyakine, mbwa anayehamishwa hutiwa guniani. Sababu yake haina fumbo: akiiona njia ataishika kichwani, na kesho yake utamkuta amerudi kwa mwenyewe wa zamani. Gunia hufungwa mdomo, na mbwa hufika kwao kupya asijue alikotoka. Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nikiwa mdogo niliwahi kuwashikia kamba. Lakini mbwa wale walibebwa kwa baiskeli kutoka kijiji kimoja hadi cha pili, safari ya muda wa kuchemsha chai. Hakuna aliyepelekwa Embu.

Shemeji alimtia kwenye gunia la nailoni. Akalisukuma ndani ya buti katikati ya mikungu ya ndizi, akafunga, akashika barabara. Alifika Chuka saa sita mchana, akaegesha juani mbele ya bucha, akashuka kula nyama choma. Hayo alinisimulia mwenyewe, tena bila wasiwasi, akiwa amesimama uani kwangu na gunia liko chini miguuni pake. Mimi nilikuwa nimeshajua kabla hajafungua fundo, kwa sababu gunia halikusogea.

"Hiyo mbwa ilikuwa mgonjwa," alisema. "Nitakupatia ingine, hata kesho. Mbwa ni mbwa."

Hakuwa mgonjwa. Gunia lilikuwa limetoboka upande mmoja, na kucha zake za mbele zilikuwa zimevunjika. Nilimwonyesha shemeji zile kucha. Akatazama saa yake, akasema watu wa ndizi wanamngoja sokoni.

Baadaye akawa anaisimulia ile habari kwenye sherehe za ukoo: mwalimu aliyezika mbwa na kulia wiki nzima. Watu wakacheka hadi chai ikawapalia. Mume wangu akaniomba niyaache, maana yule ni mkubwa wake. Sikuyaacha. Sikuwa nataka mbwa mwingine, wala sikutaka aniletee mbuzi wa kunipoza. Nilitaka aseme neno moja tu, "nilimuua," aliseme mbele yangu kwa mdomo wake. Nilijiapia kwamba nitalipata neno hilo hata likinigharimu uzee wangu.

Nikanunua gari dogo. Nikapata mbwa mwingine, nikamfundisha kusafiri kwa hasira niliyokuwa nayo. Kwanza tulikaa naye ndani ya gari, injini imezimwa, azoee harufu ya viti. Kisha hadi getini. Kisha mzunguko mmoja wa mtaa, halafu Manyatta na kurudi. Nilimuuliza daktari wa mifugo, akaniambia mbwa hatoki jasho kama sisi, joto lake hutokea ulimini. Ukimfungia garini juani ni kama umemweka ndani ya sufuria ukafunika. Nilipolisikia hilo nilienda chooni nikalia, halafu nikanawa uso na kuanza kupanga.

Kila Krismasi nilifika Kanyakine na mbwa wangu amefungwa mkanda. Nilihakikisha shemeji yuko uani ndipo nifungue mlango. Nilimfungua taratibu, nikampa maji kwenye bakuli lake, na watoto wa ukoo wakijaa kutazama niliwaambia kwa sauti ya darasani: "Mbwa akifungiwa kwenye gari juani hufa. Kama hamniamini, muulizeni baba mkubwa." Wao walimgeukia wote kwa pamoja. Yeye alikumbuka ghafla kwamba ng'ombe hawajanywa maji. Nilikula chakula cha Krismasi kwa raha sana miaka hiyo.

Kisha mke wake akafariki, na watoto wake wako Nairobi, hawaji. Nikasikia kwamba naye amefuga mbwa, dume kubwa jeusi, na kwamba humpikia uji mwenyewe. Mwaka jana akanipigia simu. Jicho la mbwa lilikuwa limevimba hadi limefunga, daktari wa karibu alisema linahitaji upasuaji, na wa kufanya kazi hiyo yuko Embu. Gari la ndizi lilikuwa gereji, injini imefunguliwa. Matatu zote zimekataa kubeba mbwa.

"Mwalimu, sasa nimebaki na wewe tu," alisema.

Nilifurahi. Siku ile niliosha vyombo nikiimba.

Jumamosi nilimkuta amesimama getini kwake na mbwa wake kwa kamba, amevaa koti lake la kanisani. Nilitafuta gunia kwa macho, sikuliona. Nilimvisha mbwa mshipi wa kifuani, nikambana kwa mkanda. Shemeji akashika mlango wa mbele.

"Hapo ni mahali pa mkoba wangu," nikamwambia. "Wewe kaa nyuma na mgonjwa."

Akajikunja akaingia, magoti yamefika kidevuni. Igoji nikasimama. "Mteremshe mbwa akojoe." Akamshusha mbele ya maduka, na wanaume waliomjua wakamwita wakiuliza kama siku hizi ameacha uzee wa kanisa na kuchukua uchungaji wa mbwa. Kwenye njia panda ya Chogoria nikasimama tena, ingawa mbwa hakuhitaji. Kwenye zile kona za kuteremkia daraja la Nithi nilikanyaga breki kwa nguvu kidogo kuliko ilivyolazimu. Mbwa alishikwa na mkanda wake, akatulia. Shemeji akagonga paji la uso kwenye kiti cha mbele.

"Funga mkanda, shemeji. Hata mbwa amefunga."

Akafunga. Nilimwona kwenye kioo, mkono mmoja umekaa juu ya mgongo wa mbwa, na sikuona huruma.

Tulifika Chuka saa sita. Nilikuwa nimepima mwendo wangu tangu asubuhi tufike saa hiyo. Niliegesha mbele ya bucha ile ile, juani. Nikapandisha vioo vyote, nikazima injini, nikachomoa ufunguo. Milango ya nyuma nilikuwa nimeiwekea kizuizi cha watoto.

"Ngojeni hapo," nikasema. "Nina njaa."

Sitamdanganya mtu yeyote, najua nilichokuwa nafanya. Niliketi kwenye benchi la nje, nikaagiza nusu kilo, nikalitazama gari. Nilitaka apige honi. Nilitaka agonge kioo aniombe, nami nimwambie mbwa ni mbwa. Alikuwa na simu. Angeweza pia kujivuta hadi mbele akafungua mlango wa dereva, haukuwa na kizuizi. Lakini hakuna kilichotokea. Mwenye bucha akatoka na kisu mkononi.

"Madam, na huyo mzee kwa gari? Si ashuke akule?"

"Hana njaa."

Akaniangalia, akarudi ndani. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la gari langu. Nikauona mdomo wa yule mbwa kupitia kioo, ulimi umetoka wote, mbavu zinakimbia. Huyu hakuwa amenikosea chochote. Nyama haijafika mezani nilikuwa nimeshainuka, na miguu yangu ilinipeleka mbio kuliko nilivyopenda watu waone.

Nilipofungua mlango wa nyuma, joto lilinipiga usoni. Shemeji alikuwa amevua koti akalitandaza dirishani kumkinga mbwa na jua. Maji ya chupa yake ameyamimina kiganjani, mbwa analamba. Shati lake limelowa lote. Hakunitazama.

"Nilimsikia," alisema.

Nikaupanua mlango, hewa iingie.

"Siku ile. Nilikuwa nimekaa hapo kwa benchi, hapo umetoka. Nikasikia akikwaruza, mpaka gari ikatikisika. Watu wakaniuliza ni nini iko kwa buti. Nikaona aibu, mzee mzima nitoe mbwa kwa gunia mbele yao nimpatie maji. Nikawaambia ni kuku." Akapangusa kiganja chake kwenye suruali. "Nikaagiza nyama ingine, nikingoja anyamaze. Akanyamaza. Nilimuua, Mwalimu. Nilijua nikiwa hapo."

Miaka saba nililisubiri neno hilo. Nilidhani litaniingia kama maji baridi. Badala yake nikauona mdomo wake ukitafuna, na mbwa wangu gizani katikati ya ndizi akinitafuta kwa kucha zake, na nikamchukia mtu yule kuliko siku aliyoniletea gunia.

"Toa huyu," akasema. "Mimi nifungie."

Nikafungua mkanda wa mbwa, nikamteremsha. Kisha nikaufunga mlango kwa mikono miwili. Nilimpeleka mbwa kivulini, nikaomba beseni kwa mwenye bucha, nikalijaza maji. Akanywa hadi akashiba, akajilaza ubavu, mbavu zikaanza kupungua kasi. Nami nikakaa benchini. Shemeji alikuwa amekaa wima ndani ya gari, mikono magotini, anatazama mbele. Mlango wa dereva ulikuwa mbele yake, hakuugusa.

Nyama ikaletwa. Yule mbwa akainua kichwa, akalitazama gari kwa lile jicho lake moja, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Nilimsikia vizuri. Nikachukua kipande kimoja, nikatafuna hadi nikamaliza, ndipo nikaenda kufungua.