Namba Nyekundu za Wilaya Iliyofutwa

Mlango wa chuma wa masjala ile ya Jinja ulikuwa ukilia kama mbuzi aliyefungiwa nje ya zizi. Bado nausikia. Ulipolia siku yangu ya kwanza kazini, mimi nilicheka. Karani Mkuu, mzee aliyekuwa jeshini zamani na ambaye wote tulimwita Afande, hakucheka.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Sekondari, sinia ya nne, Afande."

"Kuhesabu mpaka mia unajua?"

"Najua."

"Basi kazi unaijua. Kilichobaki ni heshima."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo ni wadogo zangu kwa miaka michache tu, lakini niruhusuni nizeeke kidogo hapa. Masjala ni chumba cha majalada. Kila karatasi inayoingia jaladani hupewa namba kwenye pembe ya juu, kwa wino mwekundu. Namba hiyo tunaiita folio. Afande alinifundisha kuiandika ndogo, bila mapambo, kwa sababu mimi nilitaka kuipamba.

Baadaye nilihamishiwa Mbale, kwenye masanduku ya wilaya ndogo iliyokuwa imefutwa. Vijiji vyake viligawiwa wilaya jirani, na karatasi zake zikabaki kama yatima. Nikaona huruma. Nikatoa karatasi zote kwenye majalada ya zamani, yaliyopangwa kwa shughuli, nikakipa kila kijiji jalada lake jipya la rangi, na utepe niliokata mwenyewe. Miezi mitatu nilifanya hivyo, huku naimba.

Ndipo akaja Bibi Hanne, Mjerumani aliyestaafu ukarani kwao, kutusaidia kwa muda. Kiswahili alikisomea Tanga, kimenyooka kuliko chetu sote. Alitazama rafu zangu, akakaa juu ya sanduku.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," nikasema, nikingoja sifa.

"Na sisi tulifanya hivi hivi."

Akanisimulia. Kwao aliingia kazini akiwa msichana, katika ofisi waliyoiita Amt: vijiji kadhaa, kila kimoja na mkuu wake, lakini karani mmoja, muhuri mmoja, jiko moja la makaa. Mle mlikuwa na ndoa, mitaro ya mashamba, na majina ya wakimbizi waliofika na mikokoteni baada ya vita. Serikali ikaiunganisha Amt ile na nyingine, ikafa. Kila kijiji kikachukua karatasi zake kwa furaha. Mkataba wa mtaro uliopita kati ya vijiji viwili ukatengana, barua huku, mchoro kule. Wakulima wawili majirani wakagombana mpaka mmoja akazikwa bila mwenzake kwenda. Mchoro ulikuja kuonekana katika jalada la shule ya kijiji cha tatu. Yule aliyebaki aliusoma amesimama, kisha akaomba kiti.

Nilidhani Wajerumani hawapotezi kitu.

Wiki hiyo hiyo akaingia Mayi, ndivyo Wamasaba wanavyomwita mama, mjane kutoka mlimani. Shemeji yake alikuwa amempa mpaka Ijumaa atoke kwenye shamba la kahawa.

"Marehemu alisema mpaka wetu uliandikwa na wilaya ile ya zamani. Karatasi iko kwenu."

Nikafungua jalada la kijiji chake. Nikapekua mara mbili. Hamna.

"Limepambwa vizuri," akasema Mayi. "Kama jeneza."

Nikamwambia ukweli, kwamba niliyevuruga ni mimi. Bibi Hanne akavuta kiti karibu naye. "Tusitafute kijiji. Mayi, mwaka mpaka wenu ulipoandikwa, ofisi ile ilikuwa na shughuli gani?"

"Daraja. Mume wangu alitoa mawe."

Tukakusanya kila karatasi iliyotaja daraja, kutoka majalada ya vijiji vyote, tukazitandaza sakafuni kwa mfuatano wa namba nyekundu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Karani ambaye sikuwahi kumwona, pengine amekwisha kufa, alikuwa anatushika mkono. Arobaini na moja ilitoka jalada la kijiji cha ng'ambo ya mto. Ilikuwa mchoro wa shamba lililotoa mawe, mipaka yote, na alama ya dole gumba chini yake.

Mayi aliweka dole lake juu ya lile la mumewe, bila kugandamiza. "Alikuwa na kidole kikubwa, huyu."

Aliondoka na nakala iliyopigwa muhuri. Ijumaa ilipita. Kahawa bado anachuma yeye.

Mkataba wangu wa kazi umekwisha. Sasa niko nyumbani Nalufenya, kule Jinja, nashona sare za shule na kuota ndoto nyingine. Najua sasa kwamba wilaya inaweza kufutwa kwenye ramani na watu wakaendelea kuishi ndani ya mpangilio wake.

Siku yangu ya mwisho, wenzangu wote walipokwenda kula, nilimaliza kurudisha karatasi za mwisho nilizotawanya. Nikahesabu tena jalada la mwisho. Kisha nikaandika kipande cha karatasi: "Jalada hili lilivurugwa na mimi. Folio ya kumi na saba sijaipata. Atakayekuja, tafadhali aitafute." Nikaweka jina langu kamili, nikakilaza juu kabisa, nikafunika sanduku.