Kwaya yetu ya Crescent Town ilivyomfundisha mdogo wangu Kiholanzi

Wakuu, salaam.

Bibi mmoja Mholanzi wa jengo letu hapa Toronto alimsikia mdogo wangu Neema akiongea Kiholanzi kwenye simu ndani ya lifti, akamuuliza, "Umekulia Rotterdam?"

Neema hajawahi kukanyaga Uholanzi. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mifuko ya sokoni, kwa hiyo hii sijasimuliwa.

Nirudi nyuma.

Mchumba wake, Elia, anafanya kazi Rotterdam. Sisi bado tuna pasipoti za Tanzania, hivyo ili Neema apate viza ya kumfuata lazima afaulu mtihani wa kuzungumza Kiholanzi. Unaongea na kompyuta, haina huruma. Mara ya kwanza alifeli, na mama yake Elia akaanza kuuliza kama harusi ipo au haipo.

Kilichomwangusha ni maneno marefu. Waholanzi wanagandisha maneno mawili kuwa moja. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, so neno lao la hospitali, ziekenhuis, yeye alilikaza katikati. Wao wanakaza mwanzo.

Neema anaimba alto kwenye kwaya yetu ya Waswahili. Siku moja baada ya mazoezi mwalimu wa kwaya akamkuta ananong'ona.

"Dada, wimbo gani huo hauna pigo?"

"Si wimbo, Mwalimu. Ni hospitali."

Watu walicheka sana. Mwalimu hakucheka, akachukua marker.

"Humo ndani kuna maneno gani mawili?"

"Wagonjwa, na nyumba."

"Basi kata kwenye kiungo. Pigo zito wape wagonjwa, nyumba ipite kwa upole."

Akaliandika ubaoni kama tunavyoandika nota zetu za do-re-mi: mstari kwa pigo zito, nukta mbili kwa jepesi.

| zie : ken : huis

Wakuu, alto wakaliimba. Besi wakaingia. Halafu wakaja kwenye kiazi, aardappel: aard, ap, pel. Kwaya nzima ya Wabongo, Toronto, inaimba kiazi cha Kiholanzi kwa sauti nne!

Neno alilolisikia bibi kwenye lifti ni schoonmoeder. Mama mkwe.

Bibi akamsifu, ila akamsahihisha moja: stadhuis, jumba la manispaa wanakofungia ndoa. Hilo linakazwa mwisho.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

Akashika mlango wa lifti. "Sijui. Tunasema hivyo tu."

Nilichojifunza: kabla hujalipia kozi, angalia kwanza unajua nini tayari. Neema alikuwa na mapigo hayo tangu Sunday school. Waliojifunza lugha ngumu ukubwani, ninyi mlitumia njia gani?

Neema amerudia mtihani. Anasema kompyuta ilimuuliza kuhusu stadhuis, na hakumbuki alikaza wapi.

Majibu bado. Mama mkwe kapiga simu tena jana, safari hii anataka vipimo vya gauni la harusi.