Nyungunyungu Kooni mwa Trauti

"Usinidanganye, Fintan! Hiki ni nini?"

Attracta alimsogezea mumewe kisahani mpaka puani. Ndani yake mlikuwa na ndoana, kipande kirefu cha uzi, na nyungunyungu mnene kama kidole gumba. Alikuwa amevitoa sasa hivi kooni mwa samaki yule, trauti wa mtoni, pale kwenye sinki, na kisu kikiwa bado mkononi alikuwa ametoa macho kama mtu aliyemsikia maiti akipiga chafya.

"Labda alimeza mwenyewe."

"Na ndoana je? Aliinunua dukani?"

Juni ile wadudu wa mtoni, wale wenye mabawa ya kioo wanaoishi siku moja tu, waliibuka majini kwa wingi hata padri akawaondoa kanisani kwa sepetu. Siku hizo trauti hataki chakula kingine. Basi wanaume wote walikuwa mtoni wakimrushia chambo cha nzi wa bandia, waliofungwa kwa manyoya ya jogoo, na majogoo wa kijiji kizima wakawa shingo tupu. Chambo cha nyungunyungu kilikuwa marufuku katika chama cha wavuvi. Na mlinzi wa marufuku hiyo alikuwa Fintan huyuhuyu, mwenye pua ya kunusa nyungunyungu ndani ya buti la mtu. Kiangazi kilichopita alimkamata Malachy, ndugu wa pekee wa Attracta, na kopo la nyungunyungu, akamfukuzisha chamani. Tangu hapo Malachy akipita darajani hugeuza uso.

"Na mimi nikakuunga mkono!" Attracta alisema. "Nilimwambia ndugu yangu, tena mbele za watu, kwamba ametuaibisha!"

"Nimerusha nzi wiki nzima, mke wangu. Huyu samaki ananitazama tu. Ananicheka."

"Samaki akakucheka?"

"Haki ya Mungu! Na masharubu anayo!" Fintan alichungulia dirishani. "Vitupe motoni upesi. Watu wanakuja kumla."

"Watu gani?"

"Nimemwita Malachy. Nilitaka aone samaki aliyevuliwa kwa haki alivyo."

Attracta akakiweka kisahani mezani, akaketi. Kiti hakikuwapo, aliketi juu ya kapu la viazi, mdomo wazi.

"Utamwambia," alisema mwishowe. "Kwa kinywa chako mwenyewe."

"Watanifukuza mtoni, Attracta! Nitabaki na nini mimi?"

"Utalima bustani. Nyungunyungu unajua walipo."

"Mwanamke, nakusihi, nakupigia magoti, usi..."

Mlango ukafunguka. Fintan akaivua kofia yake na kuibwaga juu ya kisahani.

Malachy alisimama kizingitini, amenyoa, mkate wa magadi kwapani. "Dada," alisema. Akamgeukia Fintan. "Shemeji."

Uzi ulikuwa umebaki nje ya kofia, ukining'inia ukingoni mwa meza, na ncha yake alikuwa ameishika Attracta, tayari kuuvuta.