Alama ya Ukoo Chini ya Lori

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, na bado natembea kifua mbele. Mjukuu wangu Masanja alinunua lori jipya Shinyanga, pamoja na karatasi ya dhamana: likiharibika kabla ya mwaka, wenye duka watalitengeneza bure, mradi hujalibadilisha. Lakini sisi ni wahunzi wa Geita. Masanja akafua vyuma vya ziada vya springi, akavifunga ili abebe pamba nyingi. Ekseli ikakatika Ibadakuli, ng'ombe wakalivuta mpaka dukani.

"Bibi, leo funga mdomo," akanisihi.

Nikafunga. Fundi wa duka akaingia chini, akagongagonga. "Springi hizi imara! Nani kaziongeza?"

"Lilikuja nazo kutoka kiwandani," Masanja akajibu.

"Kweli Wazungu wanajua chuma!"

Wazungu? Nikainama na mgongo wangu huu mbovu, nikamwonyesha alama tunayogonga kwenye majembe yetu.

"Mzungu gani? Kafua huyu hapa! Na makaa nilichoma mimi!"

Fundi akaikunja ile karatasi ya dhamana taratibu, akamrudishia Masanja.

"Basi, Bibi, na ekseli mkafue."