Nenda Kaombe Moto

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilijibanza ndani ya kihenge cha mtama, magoti yamegusa kidevu, eti kwa sababu wageni wamepiga hodi. Si wezi, si askari wa kodi. Wageni wa kawaida tu, wamepita kuomba maji. Nami mke wa mtu!

Cheka tu. Hata mimi leo nacheka.

Kwetu Bukombe tuliishi mbalimbali, nyumba hii hapa, nyingine ng'ambo ya mbuga. Nilichunga mbuzi, na kwa mbuzi nilikuwa msemaji hasa: niliwahutubia, niliwatania, niliwasimulia ndoto yangu ya kuwa mwalimu, ingawa shule niliishia darasa la nne. Mbele ya watu sasa! Neno linagoma kutoka, moyo unadunda kama ngoma ya wakulima. Nikaolewa Didia, na mwaka uleule serikali ikatusogeza wote kijijini, nyumba kwa nyumba. Ukitoka mlangoni tu, kuna jicho. Na salamu za Kisukuma unazijua, huwezi kurusha neno moja ukapita. Unapiga goti, unaulizwa ulivyolala, ng'ombe, mvua, na kwenu ni kwa nani. Basi nikawa nazunguka porini kwenda kisimani ili nisikutane na mtu.

Hilo ndilo lililoniponza. Jirani yetu Mama Limi alifiwa na mama yake. Kijiji kizima kikalala matanga. Nami nilijitwika maji, nikafika kwenye ua wake, nikauona ule umati, miguu ikakataa. Nikarudi, nikamwambia mama mkwe kichwa kinaniuma.

Matanga yalipokwisha akaja nsumba ntale, yule kiongozi wa vijana waliokuwa wakilima kwa zamu mashamba ya kila mji. Hakukubali hata kiti.

"Shikamoo, Mama Masanja. Mkamwana wako hakuonekana msibani, na njiani hasalimii mtu. Watu wanasema ana maringo. Sasa wanataka tuwaache na maringo yenu. Jumapili tunakaa barazani kuliamua."

Kutengwa, mwanangu, si mchezo. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukushikia jembe, na ukifiwa unachimba kaburi mwenyewe. Mume wangu Masanja alikuwa mbali, Rwamgasa, akitafuta dhahabu, na pamba yetu ilikuwa imezama kwenye majani. Bila wale vijana, sisi wanawake wawili tungeupoteza mwaka mzima.

Nilingoja mama mkwe anigombeze. Wala! Asubuhi yake, nikimwangalia kwa macho yangu, alichota kata ya maji akaimwaga mafigani. Moto ukalia pssss.

"Moto umezimika," akasema. "Nenda kaombe kwa Bibi Kabula."

"Mama, si umeuzima mwenyewe?"

"Umezimika, nimesema. Kigae hicho hapo."

Bibi Kabula alikuwa na masikio mazito. Nikapiga goti, "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama. Hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Ikanibidi nipaze sauti mpaka kuku wakaruka. Akacheka, akanijazia makaa kwenye kigae. Hapo nikagundua jambo: mtu aliyeshika makaa ana ruhusa ya kuharakisha, hakuna anayemshangaa. Kesho yake moto "ukazimika" tena, nikatumwa kwenye nyumba yenye watu wengi zaidi. Na keshokutwa vilevile. Woga haukuisha, usidhani. Ulikuwa unanisindikiza, ila ukaanza kuchoka njiani.

Jumamosi mama mkwe akamwaga maji bila kuniangalia. "Leo kwa Mama Limi."

"Huko siendi, mama."

"Basi tutaramba unga."

Nilimkuta Mama Limi anafagia. Nikapiga goti, na maneno ya kuomba moto yakapotea kabisa. Yakatoka mengine.

"Pole na msiba, mayu. Siku ile nilikuja, nikaishia uani. Naogopa watu. Si maringo."

Akasimama na ufagio wake. "Unaogopa watu? Sisi hawa?"

"Ndiyo, mayu."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiyo zaidi."

Akaangua kicheko, kisha kicheko kikageuka kilio, nami nikalia naye. Akanipa makaa, lakini yakapoa kigaeni tukiwa bado tumekaa tunamzungumzia marehemu. Siku hiyo mama mkwe alikula saa ngapi, sijui.

Jumapili, barazani, Mama Limi alitaka kunisemea. Mama mkwe akamvuta khanga. "Mwache." Nikasimama. Sauti ikatoka nyembamba kama uzi. "Si maringo, ni woga. Naombeni radhi. Msituache."

Mzee mmoja akasema, "Kumbe huyu binti ana ulimi!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nsumba ntale akanitoza faini kama desturi ilivyo: niwapikie wapaliliaji ugali na maziwa ya mgando. Ila akaongeza lake, nimgawie kila mtu kwa mkono wangu, kwa salamu kamili. Mwanangu, niliwasalimu wote! Wako waliokula wakafuta midomo, wakarudi kwenye mstari ili tu wasalimiwe tena, wahuni wale. Pamba ikapaliliwa.

Basi nisikilize. Watu wakikutisha, usiwabebe wote kwa pamoja. Hakuna amezaye sufuria nzima kwa tonge moja. Anza na mmoja, tena yule mpole, na nenda ukiwa na shughuli mkononi, maana mkono wenye kazi huusaidia ulimi. Mtafute hata mtu mmoja umwambie unachoogopa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na ukinyamaza watu watakutungia sababu yao, mara nyingi mbaya. Usingoje moyo utulie ndipo uende. Wangu mpaka leo, nikiitwa kusimama harusini, unadunda. Nauacha udunde, nasema yangu, nakaa.

Na wewe uliyejaliwa maneno, ukimwona mwenzio kajitenga, usikimbilie kusema anaringa. Mtangulie wewe kumsalimu.

Mungu akulainishie koo, mwanangu. Akupe majirani wenye subira, wakusubiri mpaka neno lako litoke. Na utakapoingia penye watu, uingie na amani, utoke na ndugu.