Mwaka Aliofaulu Kulwa

Harufu ya kitambaa kipya cha sare kinapoguswa na pasi ya mkaa bado hunirudisha utotoni. Ikinikuta popote, hata kwenye kibaraza cha fundi nisiyemjua, mimi husimama kidogo kabla sijaendelea na safari yangu. Mama yetu alikuwa fundi cherehani Kariakoo, nyuma kidogo ya soko, na kila Januari chumba chetu kilijaa sare za watoto wa watu. Sketi za bluu na kaptula za kaki zilining'inia mpaka juu ya kitanda, nasi tukapita chini yake tumeinamisha vichwa.

Nasema "nasi" kwa sababu tulikuwa wawili. Pacha wangu ni Kulwa, mimi ndiye Doto. Mama alipenda kusema kwamba Kulwa alitangulia kuikagua dunia, akaona panapitika, ndipo akaniita. Tulilala kitanda kimoja, na tulifanana mno. Bi Nuru, mwenye nyumba wetu, mama wa Kiarabu aliyeuza vitenge kwenye duka la mbele, alituita wote wawili "Kulwadoto" ili asije akakosea.

Matokeo ya kidato cha nne yalitoka tukiwa na miaka kumi na saba. Tuliyatafuta kwenye simu ya Mama, vichwa vimegusana. Kulwa alikuwa na divisheni wani. Mimi nilikuwa na ziro. Kulwa alirudisha skrini juu akasoma upya, polepole, kwa kidole, kana kwamba majina yetu yangeweza kubadilishana nafasi. Kisha akalia yeye. Mimi sikulia. Nilisikia tu masikio yamejaa, kama mtu aliyezama.

Tulikuwa tumekaa dawati moja miaka yote ile. Jioni alinirudishia kila somo kwa maneno yake, nikaitikia kwa kichwa, na nilipoitikia niliamini kweli nimeelewa.

Kesho yake nilitumwa chumvi. Muuza juisi ya miwa pale kona akaniona, akaiacha mashine yake ikiunguruma. "Hongera, mdogo wangu! Umetutoa kimasomaso mtaa mzima!" Akanipa glasi ya bure, yenye tangawizi na ndimu. Ningemwambia mimi siye? Nikainywa yote pale pale, nikasema asante, maana kuimeza ilikuwa kazi ndogo kuliko kueleza. Njiani nikapongezwa tena, na tena. Niliporudi, nilikuwa nimesahau chumvi.

"Kuteleza si kuanguka," alisema Mama. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo neno la faraja likatoka kama ugomvi. "Utarisiti. Wangapi wamerisiti wakafika chuo?"

Basi siku moja nilikwenda kukiona kituo cha tuisheni cha wanaorudia mtihani. Kilikuwa ghorofani, upande wa kuteremkia Jangwani, chumba kimoja chenye mabenchi na feni isiyozunguka. Nilitarajia kukuta wenzangu. Nilikuta watu wazima, wanaume wenye ndevu na dada mmoja aliyempakata mtoto anayenyonya. Akanisogezea nafasi.

"Karibu, mdogo wangu. Kaa hapa, aliyekuwa anakaa kafaulu, kaondoka."

"Shikamoo dada. Wewe unarudia mara ya ngapi?"

"Marahaba." Akacheka bila kukasirika. "Humu ndani hatuulizani hivyo. Humu tunasema tunasoma."

Mwalimu akaingia, akachora pembetatu ubaoni. Ilikuwa pembetatu ile ile iliyonishinda shuleni. Niliitazama nikaona kwamba mwaka ungepita, pembetatu ingebaki pale, nami ningebaki mbele yake, na siku moja msichana mwingine angeingia nimsogezee nafasi. Yule mtoto alikuwa akinyonya huku ananikodolea macho. Niliondoka kabla kipindi hakijaisha.

Nyumbani sikusema kitu. Wiki zilipita hivyo. Mama alikuwa akiuliza, "Umeamua?" nami nikijibu, "Bado," mpaka swali lenyewe likachoka. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikijihisi mzito, nasikiliza wapagazi wanavyoshusha mizigo barabarani, nikajiuliza wao wanapata wapi sababu ya kuinuka.

Kisha Kulwa akapangiwa shule ya bweni, mbali, Njombe. Mama alimshonea sketi mbili na kumnunulia sweta nene la mtumba ambalo hakuna mtu Dar angelivaa akiwa mzima wa akili. Jioni moja tulikuwa uani tunaosha vyombo, na Kulwa akasema bila kuniangalia:

"Doto, mimi nataka kubaki."

"Ubaki ufanye nini?"

"Urudie mtihani, nikufundishe. Mwakani twende wote. Njombe haikimbii."

"Nafasi ndiyo inakimbia."

"Sema tu kwamba unarudia. Sema, nami nitaongea na Mama."

Niliiona ile pembetatu. Nilimwona na yeye, amekwama pembeni yangu kwenye benchi lile, amepoteza kila kitu kwa kunisubiri.

"Sirudii," nikasema.

"Hata nikikuomba?"

"Nenda, Kulwa. Nimechoka kufananishwa na wewe."

Aliendelea kuisuuza sufuria iliyokwisha kutakata. "Haya," akasema.

Alipoondoka, Mama alilia kituo cha mabasi mbele za watu. Mimi nilibeba begi. Mwaka ule Bi Nuru alinichukua dukani kwake, nikajifunza kukunja vitenge na kuvisifia. Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliacha kuniuliza, basi, kama mtu anavyoacha kuuliza habari za mgonjwa asiye na dawa. Kulwa alirudi likizo amekuwa mrefu kidogo, anaongea taratibu, na mtaani hakuna tena aliyetuchanganya. Mtihani sikuurudia, si mwaka ule wala mwingine.

Sasa Kulwa ni mfamasia, anaishi Dodoma. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea, na tukiwa jikoni kwake tunachambua mchele, nikamwambia kwamba siku ile uani nilimfukuza kwa faida yake. Nilidhani atanishukuru.

Akaacha kuchambua.

"Doto, mimi sikuwa nakuhurumia," akasema. "Nilikuwa naogopa. Sikuwahi kulala hata siku moja mahali ambapo wewe hupo. Nilitaka useme unarudia, nipate sababu ya kutokwenda. Ukaniambia umenichoka."

Utotoni nilidhani aliyefeli ndiye peke yake anayehitaji kushikwa mkono. Kulwa alikuwa na divisheni wani, angeogopa nini? Haikunijia kwamba na yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba, anaomba msaada kwa njia pekee aliyoijua, ya kujifanya anautoa.

Aliniambia kwamba kule bwenini, mwaka mzima wa kwanza, alilala amejibana ukutani, ameacha nusu ya kitanda wazi. Wenzake walimcheka.

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi, Kariakoo, nililala hivyo hivyo. Badala yake tukaendelea kuchambua mchele.